Walimu na kuhamia pembezoni mwa Dar: nafuu ya kodi ya nyumba inaliwa na nini? Hesabu hii hapa

Mwalimu wa Msakuzi (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Humu jukwaani kila mtu anayelia kodi ya nyumba anapewa jibu moja: "Hama mjini, nenda pembezoni, maisha ni nafuu." Walimu wapya wanaambiwa hivyo hivyo ofisini siku ya kuripoti. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya serikali, mke wangu anafundisha msingi, tuna watoto watatu. Tunaishi Msakuzi, ndani ya Mbezi Mwisho, na wote wawili tunafundisha maeneo ya Sinza na Kijitonyama. Nimeona niweke hesabu hadharani, kwa sababu kwa mtu wa mshahara wetu nafuu hiyo haipo. Kodi inashuka kweli. Lakini kile kilichopungua kwenye kodi kinatoka kidogo kidogo kila siku, leo kwa bodaboda, kesho kwa mwenye boza la maji, keshokutwa kwenye mchango wa barabara, na kwa kuwa hakiandikwi mahali, kaya nyingi hazijui kimeenda wapi.

Tuanze na mshahara, maana aliye nje ya ualimu anaona tarakimu ya juu tu. Chukua mwalimu mwenye mshahara wa 900,000 kabla ya makato. PSSSF, mfuko wetu wa pensheni, inachukua asilimia 5, yaani 45,000. Kodi ya mapato inakokotolewa kwenye kinachobaki baada ya hiyo ya pensheni, na kwa viwango vya tangu Julai 2021 inakuja 91,750. Bima ya afya asilimia 3, 27,000. CWT, chama chetu cha walimu, asilimia 2, 18,000. Kama alisoma chuo kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, na wengi wetu tulisoma hivyo, asilimia 15 ya mshahara inakwenda huko: 135,000. Jumlisha: 316,750. Mkononi anapokea 583,250, na hapo hajakopa popote wala hajanunua hata sukari.

Sasa nyumba. Vyumba viwili na sebule, choo ndani, maeneo ya Sinza wakati tunatafuta tulitajiwa 350,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita mbele na mwezi mmoja wa dalali. Msakuzi tulipata ya namna hiyo hiyo kwa 150,000. Tofauti ni 200,000 kwa mwezi. Kwa watu wawili wanaopokea laki tano na kitu kila mmoja, hiyo si hela ya kupuuza, na ndiyo inayotuhamisha wote.

Angalia inakokwenda. Kutoka nyumbani hadi Mbezi Mwisho ni bodaboda, 1,500. Kuanzia pale daladala 800. Kwenda na kurudi ni 4,600 kwa mtu mmoja. Siku za kazi 22 ni 101,200. Tuko wawili: 202,400. Ile tofauti ya kodi imeisha kabla mtoto hajatoka kitandani. Tungekaa Sinza mimi ningekwenda shule kwa miguu na mke wangu angepanda gari moja, ambayo kwa nauli elekezi za tangu Desemba 2023 ni 600 kwa safari isiyozidi kilomita 10.

Mvua ikinyesha, bodaboda ya 1,500 inakuwa 3,000 na hulaumu, kwa sababu ile njia unaijua. Ukikosa daladala ya alfajiri unalazimika kugeuza nayo, yaani unapanda inayoelekea usikokwenda ili upate siti ikirudi, na unalipa nauli mara mbili.

Maji. Bomba la mtaa limefika kwenye barabara kubwa, kwetu bado. Simtanki la lita 1,000 kulijaza kwa boza ni 20,000, na kwa familia ya watu watano halimalizi wiki mbili hata tukibana. Mwenye bomba ndani analipia lita hizo hizo 1,000, yaani uniti moja, chini ya 3,000. Mwenye kipato kidogo huku ndani analipa maji mara saba ya bei anayolipa mtu wa Masaki mwenye bustani. Hili linaniuma kuliko yote, na sijawahi kusikia mgombea akilitaja kwa namba.

Umeme una hesabu yake ambayo wapangaji wengi hawaijui. Kuna tarifu ya matumizi madogo, uniti kwa shilingi 100, mradi msizidi uniti 75 kwa mwezi. Nyumba za huku mita moja inahudumia familia tatu au nne. Kila familia peke yake ingebaki ndani ya 75, lakini mkijumlishwa mnavuka, mita inahamishiwa tarifu ya kawaida, na uniti moja pamoja na tozo zake inafika kama 350. Kwa hiyo watu wa vyumba viwili viwili wenye taa na redio wanalipa bei ya mwenye friji na kiyoyozi. Juu ya hapo kuna kodi ya jengo iliyowekwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, tangu 2021, ikaanza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na mwaka 2023 ikawa 1,500. Kisheria ni ya mwenye nyumba. Anayenunua umeme ni mpangaji.

Halafu barabara. Masika yaliyopita maji yalikata njia yetu pale bondeni, hata bajaji haikupita. Tuliitwa kikao nyumbani kwa mjumbe, daftari likazungushwa: tripu za kifusi, kalavati mbili, fundi na vibarua wake. Kila kaya 30,000. Nilisoma majina kwenye lile daftari, nikaona walimu, manesi, askari magereza, karani wa mahakama, fundi cherehani. Wote watu wanaokatwa kodi kwenye chanzo kila mwezi bila kukosa, na wote wanatoa tena mfukoni kununua kalavati.

Kuhusu shule za watoto nitasema kwa kifupi kwa sababu kila mzazi wa huku anaijua. Ada ya shule za serikali iliondolewa kuanzia 2016, ni jambo jema na nimefaidi nalo. Lakini mitaa mipya imejaa watu kuliko madarasa, na shule ya jirani inafundisha kwa zamu mbili. Mzazi anayeondoka saa kumi na nusu alfajiri hana wa kumshika mtoto anayeingia zamu ya mchana. Ndiyo maana mwalimu wa shule ya serikali unamkuta anamlipia mwanawe inglishi midiamu: gari linamfuata mlangoni na linamrudisha jioni. Anacholipia hasa ni usalama wa mtoto kwa saa kumi na mbili.

Hoja yangu ni hii: kabla ya kumshauri mwalimu au karani ahamie mbali, mpigieni hesabu nzima, ya nauli, maji, umeme, michango na malezi. Na serikali inapopanga mishahara iache kudhani kwamba kuna "pembezoni" ya bei rahisi inayotusubiri. Naomba michango yenu, hasa wenye namba zao.

---

Kwako ni Kwako

Mkuu, nimesoma yote kwa makini. Hesabu yako ni ya mpangaji, na hapo ndipo ninapopingana nawe. Mtu hahami mjini ili akapange Msakuzi, anahama ili ajenge. Mimi ni mtumishi pia, si mwalimu. Nilinunua kiwanja hatua 20 kwa 20 Kiluvya, nikaanza na chumba na sebule cha uani, nikahamia kabla ya plasta. Leo hakuna mtu anayenigongea mlango kudai kodi ya miezi sita. Hayo ya nauli na maji ni ya kupita, mtaa unakua, bomba linakuja, lami inakuja, na kiwanja kinapanda thamani wewe umelala. Ukikaa Sinza miaka kumi ukalipa 350,000, ni milioni 42 umempa mwenye nyumba. Milioni 42 ni nyumba.

---

Mwalimu wa Msakuzi

Mkuu, nakuheshimu kwa kujenga, na hesabu yako ya milioni 42 ni sahihi. Tatizo ni kwamba hazipo mkononi siku moja. Mwalimu anajenga kwa mkopo wa mshahara, na hapo tuangalie pamoja.

Utaratibu wa serikali ni kwamba mtumishi lazima abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake. Kwa yule wa 900,000, theluthi ni 300,000. Anapokea 583,250, kwa hiyo benki inaweza kumkata mpaka 283,250 kila mwezi, na wanaojenga wengi wanafika huko kwenye theluthi kwa miaka sita, saba, minane. Sasa mweke huyo mtu Kiluvya na 300,000. Nauli peke yake laki moja na kitu. Maji 40,000. Ana laki na nusu ya kula, kuvaa, kutibiwa na kusomesha kwa mwezi mzima. Hapo ndipo kausha damu anapoingia. Anakuja na pikipiki, anakupa 200,000 leo, wiki ijayo anaanza kuchukua marejesho, na dhamana ni kadi yako ya benki na namba yake ya siri. Nimekaa ofisi ya walimu siku ya mshahara nikaona watu wazima wenye shahada wakisubiri simu ya mtu aliyeshika kadi zao ili awaambie wamebakiwa na kiasi gani.

Umeme wa kuvuta kwenye hiyo nyumba mpya nao uangalie. Vijijini kuunganishiwa ni 27,000. Mjini, kuanzia 2022, njia moja bila nguzo ni 320,960. Mitaa yetu inahesabiwa mjini kwenye malipo, ila bondeni kwetu hata nguzo haijafika.

Mkopo wa nyumba wa benki ndiyo usiseme. Riba zake hapa nchini huwa kati ya asilimia 15 na 19. Chukua nyumba ya milioni 60 kwa asilimia 17: mwaka wa kwanza riba peke yake ni kama milioni 10.2, yaani 850,000 kwa mwezi. Ni zaidi ya mshahara mkononi wa mwalimu tuliyemtaja, na hajagusa deni lenyewe.

---

Mama Chanika

Kaka mwalimu, ahsante kwa uzi. Mimi nafundisha shule binafsi, naishi Chanika, kazini ni maeneo ya Ilala. Watu wakisema walimu wanawaza wa serikali tu, naomba na sisi tuhesabiwe.

Mimi sina Bodi ya mkopo wala CWT kwenye makato, nilisoma chuo kwa hela za wazazi. Tunakatwa NSSF asilimia 10 na kodi. Mshahara wangu ni mdogo kuliko huo ulioupigia hesabu, na kuna miezi ya likizo ambayo mwajiri wangu analipa nusu, kuna ambayo halipi mpaka wazazi walete ada. Mwenye nyumba hana likizo.

Nataka niongeze kitu ambacho wanaume huwa hamkiandiki. Natoka nyumbani saa kumi alfajiri, giza. Kutoka kwangu mpaka barabarani kuna vichaka na nyumba ambazo hazijamalizwa, hazina watu. Siwezi kutembea peke yangu. Namlipa kijana wa bodaboda kwa mwezi, namfahamu, mama yake namfahamu, ananichukua mlangoni na kunisubiri nipande gari. Hiyo ni 40,000 ambayo haimo kwenye nauli ya kawaida. Nikirudi usiku ni vilevile. Rafiki yangu aliyebaki Buguruni kwenye chumba kimoja anatoka saa kumi na mbili kasoro, kumekucha, na watu wapo njiani.

Na msichana wa kazi. Nisipomweka, watoto wangu wawili wanakaa wenyewe kuanzia alfajiri hadi saa moja usiku. Namlipa 70,000, anakula, anavaa, akiugua namtibu. Ningekuwa nakaa karibu na kazi nisingemhitaji. Kwa hiyo na yeye ni gharama ya Chanika.

Ndugu yangu Kwako ni Kwako, naomba usichukie, hayo ya "kupita" mimi nimeyakuta na mwanangu wa kwanza sasa yuko kidato cha pili.

---

Mpima Ardhi

Wadau, niongeze upande wa ardhi maana ndiyo kazi yangu.

Haya mnayoyaeleza yana chanzo. Mwaka 2002 Wizara ya Ardhi ilianza mradi wa viwanja 20,000 hapa Dar: Bunju, Mbweni, Mivumoni, Kibada, Tuangoma, Buyuni, Mwanagati na kwingineko. Nia ilikuwa nzuri na viwanja vilipimwa vizuri, ukienda leo utaona barabara zimenyooka. Lakini vilikuwa mbali, vilitaka fedha taslimu kwa muda mfupi, na maji na lami havikwenda pamoja na bikoni, yale mawe ya mipaka. Mwenye akiba alichukua kiwanja zaidi ya kimoja. Mwalimu hakuwa nazo, akaenda kununua pembeni, kwenye shamba la mtu lililokatwa kwa hatua na kuandikishiana mbele ya serikali ya mtaa. Hizo ndizo Msakuzi, Mpiji Magohe, Majohe, Chanika ya ndani.

Ukikata shamba kwa hatua, kila muuzaji anaacha njia ya mita tatu ili asipoteze eneo. Miaka kumi baadaye mnaomba bomba na hakuna mahali pa kulipitisha bila kuvunja ukuta wa mtu. Mnaomba gari la taka, haliingii. Kisha inakuja kazi ya urasimishaji, mnachangishwa tena kupimiwa kile ambacho kilipaswa kupimwa mwanzo, na kila mmoja anakataa ukuta wake kuguswa. Nimesimama kwenye vikao hivyo. Watu wanalia kwa haki kabisa.

Tena sasa mji umeshavuka mkoa. Angalieni sensa. Dar es Salaam kati ya 2012 na 2022 ilitoka watu 4,364,541 ikafika 5,383,728. Pwani ilitoka 1,098,668 ikafika 2,024,947, karibu mara mbili kwa miaka kumi. Si wote wametoka Dar, lakini piteni Vikindu, Mapinga, Visiga au Mlandizi alfajiri mwone magari yanaelekea wapi. Hawa wanalala halmashauri moja na kufanya kazi katika halmashauri nyingine. Kalavati lao halimo kwenye bajeti ya mahali wanapozalisha, na wanapolala wanaonekana usiku tu.

---

Tisha wa Kitengela

Hamjambo ndugu zetu wa Bongo. Mimi ni mwalimu, natoka Kenya, naishi Kitengela na shule yangu iko Nairobi. Nikisoma hii mambo naona ni sisi tumeandikwa.

Kuna tofauti moja kubwa. Sisi TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali, hutulipa marupurupu ya nyumba na ya usafiri kando na mshahara, na ya nyumba hutegemea unafanya kazi wapi, wa Nairobi wakipata juu zaidi. Haitoshi kulipa nyumba Nairobi, ndiyo maana tuko Kitengela kaunti ya Kajiado, lakini angalau mwajiri anakubali kwamba mwalimu wa jiji ana gharama za jiji. Nashangaa kwenye hesabu zenu sijaiona.

Kwa upande wa makato tumeumia vilevile. Ushuru wa nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5 ya mshahara, ulianza 2023, ukapingwa kortini, ukarudi na sheria mpya 2024. SHIF, ya bima ya afya, ni asilimia 2.75 tangu Oktoba 2024. NSSF nayo imekuwa ikipanda. Kwa hivyo marupurupu yanaingia na mkono huu na kutoka na ule.

Maji tunanunua kwa lori, ya kisima na ina chumvi. Nauli ya matatu haina bei moja, ikifika saa kumi na moja jioni na mvua inyeshe, inapanda mara mbili ukiangalia. Karo ya watoto sitaigusa.

Swali langu kwa mwenye uzi: chama chenu cha walimu kimewahi kudai hiyo posho ya nyumba?

---

Mwalimu wa Msakuzi

Mwalimu mwenzangu wa Kitengela, karibu sana. Posho ya nyumba kwa mwalimu wa kawaida wa darasani hapa kwetu haipo kwenye hati ya mshahara. Iliyopo ni posho ya madaraka kwa walimu wakuu, wakuu wa shule na waratibu elimu kata. Madai ya posho ya kufundishia na ya makazi nimeyasikia kwenye mikutano ya chama miaka nenda rudi. Mishahara imeguswa: 2022 kima cha chini cha utumishi wa umma kilipandishwa kwa asilimia 23.3, na Mei Mosi ya 2025 ikatangazwa kutoka 370,000 kwenda 500,000. Nashukuru, na naandika kwa dhati. Ila kima cha chini ni cha wa chini, mwalimu wa katikati ya ngazi aliongezewa kwa asilimia ndogo zaidi, na mshahara ni ule ule kwa wa Dar na wa wilaya ambako chumba ni 20,000. Huko wenzetu wana shida zao, tena kubwa, za nyumba za walimu zisizo na milango na maji ya mtoni. Siwaonei wivu. Nasema tu kwamba gharama ya mahali haihesabiwi popote, iwe huku au kule.

Dada Mama Chanika, ulichoandika kuhusu alfajiri nimemsomea mke wangu. Amesema na yeye anamlipa kijana wa bodaboda kwa mwezi. Kwenye hesabu yangu nilimweka kwa 1,500 ya kawaida, kwa hiyo namba ya kweli ya nyumba yangu ni kubwa kuliko niliyoandika pale juu.

Mpima Ardhi, nakuomba uendelee kutoa elimu hiyo. Wengi wetu tulidhani mita tatu za njia ni ujinga wa jirani.

---

Kwako ni Kwako

Nimerudi. Mama Chanika nimekuelewa, na sina ubishi na giza la alfajiri. Bado nasimamia kwamba kuwa na kwako ni bora, hasa kwa mtumishi, kwa sababu siku ya kustaafu ndiyo utajua. Walimu wazee waliosubiri wajenge kwa kiinua mgongo wameumizwa na kikokotoo cha mafao ya kustaafu: mkupuo ukashushwa hadi asilimia 33 mwaka 2022, na mwaka 2024 ukarudishwa kidogo kufika 40 kwa waliokuwa kwenye kundi la asilimia 50. Anayeanza kujenga akiwa na miaka 59 amechelewa. Mleta uzi, wewe ungemshauri nini kijana wa ajira mpya? Apange mjini mpaka lini?

---

Mwalimu wa Msakuzi

Swali zuri, mkuu. Ningemwambia asinunue kiwanja kabla hajajua atafundisha wapi kwa miaka mingi ijayo. Watu wanatafuta kiwanja cha bei ndogo kwanza, kituo cha kazi baadaye, na hapo ndipo tunapokwama. Kiwanja cha milioni tano kilicho kilomita mbili kutoka shuleni kwako ni rahisi kuliko cha milioni mbili kilicho kilomita 25, kwa sababu ile milioni tatu ya tofauti utaimaliza kwenye nauli kwa mtu mmoja ndani ya miaka miwili na nusu. Kama kiwanja kiko mbali tayari na umeshajenga, basi hamisha kituo kifuate nyumba. Shule za huku ndani zina uhaba wa walimu na watoto ni wengi. Kila alfajiri walimu tunapishana Mbezi Mwisho: sisi tunakwenda mjini kufundisha, wenzetu wa mjini wanakuja huku kufundisha watoto wetu. Halmashauri wangeweza kupunguza safari hizi kwa kupanga vituo kwa kuangalia anuani ya mtu, na isingegharimu serikali posho hata moja.

---

Ajira Mpya

Shikamooni wakubwa. Nimefuata uzi tangu mwanzo. Mimi nafundisha Hisabati sekondari, kituo changu kiko Upanga, nimepanga Kibamba kwa dada yangu. Natamani nihamie shule ya huku. Nianzie wapi? Nimeambiwa lazima uwe na mtu wizarani.

---

Mwalimu wa Msakuzi

Marahaba mdogo wangu. Usimlipe mtu yeyote anayejiita wa wizarani. Kuomba ni kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma. Upanga iko Jiji la Dar es Salaam, yaani Ilala ya zamani, na Kibamba iko Manispaa ya Ubungo, kwa hiyo unatoka halmashauri moja kwenda nyingine ndani ya mkoa mmoja. Hiyo inaishia kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Ingekuwa ndani ya Ubungo hiyo hiyo, angeamua mkurugenzi. Ingekuwa kutoka mkoa mwingine ingekwenda TAMISEMI, ofisi kuu inayosimamia halmashauri. Mkuu wako wa shule lazima apitishe, na hapo ndipo wengi wanakataliwa, kwa sababu ukiondoka anabaki bila mwalimu wa Hisabati.

Ndiyo maana njia inayopita kirahisi ni kubadilishana. Tafuta mwalimu wa Hisabati wa sekondari aliyeko Ubungo anayetaka kwenda mjini, muombe wote wawili, kila mkuu wa shule apate mbadala wa somo lile lile. Ukihama kwa ombi lako mwenyewe hulipwi posho ya uhamisho, ujue hilo mapema usije ukaidai. Barua ya sababu andika mambo yanayohakikika: umbali, muda, nauli kwa mwezi. Weka namba, kama tulivyofanya humu.

Nina mwalimu wa Hisabati shule moja ya Kibamba ambaye mume wake anafanya kazi Muhimbili na wamepanga Upanga. Anatafuta mtu tangu mwaka jana. Nitumie ujumbe wa faragha leo, ukiwa na jina la halmashauri yako na daraja lako, niwaunganishe kabla shule hazijafungwa.